2,147,483,647 (namba)

2,147,483,647 ni namba nzima yenye tarakimu 10, inayopatikana kwa kutoa 1 katika kipeo cha 31 cha namba 2, yaani katika zao la mbili 31 zilizozidishwa pamoja. Ni namba tasa, maana yake haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe, na kutokana na umbo lake imo katika kundi la namba tasa za Mersenne, ambamo inashika nafasi ya 8. Kundi hilo lina jina la mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, ambaye mwaka 1644 alichapisha orodha ya vipeo vinavyozaa namba za aina hii; orodha yenyewe ilikuwa na makosa, lakini kuhusu 31 alisema kweli.

Utasa wake ulithibitishwa na Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa akifanya kazi Saint Petersburg, katika barua iliyochapishwa mwaka 1772. Njia ya kawaida ingemlazimu kujaribu kila namba tasa isiyozidi kipeuo cha pili cha namba hiyo, ambacho ni kama 46,340, na namba hizo ni zaidi ya 4,700. Euler alionyesha kwamba kigawo chochote tasa, kama kingekuwapo, kingelazimika kubakiza ama 1 ama 63 kinapogawanywa kwa 248, kwa hiyo kazi yote ikabaki kwenye sehemu ndogo tu ya namba hizo, na hakuna hata moja iliyoigawa. Uzuri wa uthibitisho huu, ulioandikwa na mtu aliyekuwa karibu kipofu, umo katika hoja iliyopunguza hesabu kabla haijaanza.

Namba hii ikizidishwa kwa kipeo cha 30 cha 2 huzaa namba kamilifu, yaani namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe, nayo ni 2,305,843,008,139,952,128. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hakuna namba kamilifu kubwa zaidi itakayogunduliwa kamwe, utabiri uliovunjwa mwaka 1876 Édouard Lucas alipothibitisha kuwa kipeo cha 127 cha 2, kikitolewa 1, ni namba tasa yenye tarakimu 39, ambayo kwa njia ileile huzaa namba kamilifu kubwa zaidi.

Katika mfumo wa jozi, unaotumia 0 na 1 pekee, namba hii huandikwa kwa moja 31 mfululizo, na ndiyo namba chanya kubwa kuliko zote inayoweza kuhifadhiwa katika biti 32 iwapo biti moja imetengwa kwa alama ya chanya au hasi. Mifumo ya kompyuta inayohesabu sekunde kwa namna hiyo tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970, kwa saa za dunia, itafikia ukomo wake tarehe 19 Januari 2038, saa 12:14 asubuhi na sekunde 7 kwa saa za Afrika Mashariki.