Jembe na Nyumba: Rufiji Ilipomwangusha Bibi Titi

Septemba 1965 watu wa Rufiji walimnyima kura Bibi Titi Mohamed, na hakuwa mtu wa kunyimwa kura kirahisi. Muongo mmoja kabla ya hapo alikuwa amepita mtaa kwa mtaa Dar es Salaam, kwenye vikundi vya ngoma na vyama vya akina mama, akawaingiza wanawake katika chama cha TANU kwa maelfu. Alihutubia pamoja na Julius Nyerere wakati ambapo watumishi wa serikali walikatazwa hata kukata kadi ya chama. Uhuru ulipopatikana akawa kiongozi wa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, mbunge na waziri mdogo. Aliyekwenda Rufiji kuomba kura mwaka ule alikuwa mwanamke aliyejulikana kuliko wote nchini.

Kura yenyewe ilikuwa ngeni katika bonde la Rufiji. Wajerumani walitawala kwa maakida na majumbe waliowaweka wenyewe. Chuki dhidi ya maakida hao na pamba ya kulazimishwa iliwasha vita vya Maji Maji, na kiongozi wake wa kiroho, Kinjikitile Ngwale, akanyongwa Mohoro, Agosti 1905. Waingereza nao hawakuwa na haraka. Uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa 1958 na 1959 ulimtaka mpiga kura awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la 8, au cheo kinachotambulika. Tena alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Rufiji ilikuwa katika Jimbo la Mashariki, ambako Nyerere mwenyewe alimshinda Patrick Kunambi kwa kura zaidi ya 2,600 dhidi ya 800 hivi. Hizo ndizo kura za jimbo zima, lenye Waluguru, Wazaramo, Wandengereko na Warufiji. Mkulima wa mlau, anayesubiri mafuriko yashuke apande mahindi kwenye tope, hakuhesabiwa.

Mwaka 1965 alihesabiwa. Katiba ya muda ya Julai ilikuwa imeifanya nchi kuwa ya chama kimoja, lakini ndani ya chama hicho kila jimbo lilipaswa kuwa na wagombea wawili. Aliyetaka ubunge alitafuta wadhamini 25. Mkutano mkuu wa wilaya wa TANU ukawapigia kura waliojitokeza, kisha Halmashauri Kuu ya Taifa ikapitisha majina mawili. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine nyumba, ili asiyejua kusoma naye achague bila kuuliza mtu.

Kampeni ziliendeshwa na chama. Wagombea walisafiri pamoja, wakapanda jukwaa moja, wakaulizwa maswali mbele ya watu wale wale. Kabila, dini na rangi vilipigwa marufuku, na lugha ya kampeni ilikuwa Kiswahili. Kwa kuwa sera ilikuwa moja, sehemu nyingi nchini waligombana kwa alama: mwenye jembe alisema bila jembe hakuna chakula, mwenye nyumba akajibu kwamba mkulima naye jioni hurudi nyumbani. Watu walicheka, lakini swali lao halikuwa la kuchekesha: wewe tunakuona lini?

Katika delta ya mto Rufiji swali hilo lina uzito wake. Kufika Mbwera au Kiomboni ni safari ya chombo kupita kwenye mikoko, na chombo husubiri maji yajae. Hata barabarani, hadi daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, kuvuka mto kulikuwa kwa pantoni ya Ndundu. Kiongozi mwenye kazi nyingi Dar es Salaam hawezi kuonekana huku kwa bahati. Ni lazima apange kuja.

Bibi Titi akaanguka, na hakuanguka peke yake. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alishindwa Mwanza. Lakini Derek Bryceson, Mzungu, na Amir Jamal, mwenye asili ya Kihindi, walishinda dhidi ya wapinzani Waafrika. Kwangu mimi, hiyo inaonyesha kwamba wapiga kura hawakuwa wakiadhibu rangi, wala hawakuwa wakiikataa TANU. Walikuwa wakipima ukaribu. Rufiji haikusahau alichofanya Bibi Titi kwa uhuru. Iliamua tu kwamba deni hilo halilipwi kwa kiti cha ubunge. Naona ni uamuzi mgumu na wa haki, ingawa uliondoa bungeni sauti ya mwanamke ambayo nchi iliihitaji sana.

Yaliyomfika baadaye yalikuwa machungu zaidi. Alipingana na masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha mwaka 1967, akakamatwa 1969, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, akaachiwa 1972. Alifariki Novemba 2000.

Viongozi wa karibu na wananchi nao walipata pigo: mwaka huo huo wa 1972 serikali ilivunja halmashauri za wilaya, na madiwani wakapotea hadi sheria ya 1982 ilipowarudisha. Kibiti, iliyokuwa sehemu ya Rufiji, ikawa wilaya inayojitegemea mwaka 2016, ikiwa tayari katika msiba: kati ya 2015 na 2017 wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji na makada waliuawa kwa risasi, wengine majumbani mwao. Hao ndio viongozi waliokuwa karibu kuliko wote, waliolala kijiji kimoja na waliowachagua.

Umri wa kupiga kura mwaka 1965 ulikuwa miaka 21, kwa hiyo kijana wa wakati ule sasa amevuka 80. Halmashauri za Rufiji na Kibiti zina maofisa utamaduni na zina shule za sekondari zenye wanafunzi wa historia. Ziwatume wanafunzi hao Nyamisati, Mohoro na Ikwiriri mwaka huu, na kinasa sauti, wakawaulize wazee hao walichagua jembe au nyumba, na kwa nini.