Roketi ya Ngomeni na Sheria za Newton

Tarehe 12 Desemba 1970 Kenya ilikuwa ikisherehekea Jamhuri. Ulikuwa mwezi wa Mfungo Mosi, hata wiki mbili hazijapita tangu Idd. Siku hiyo, kwenye jukwaa la San Marco lililosimama baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, mafundi wa Kiitaliano walirusha roketi ya Kimarekani aina ya Scout. Ilibeba setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Msimamizi wa mradi, Bi. Marjorie Townsend wa NASA (dada zetu, mpo?), aliipa jina la Kiswahili: Uhuru.

Wengi wetu tunakariri sheria tatu za Newton kwa ajili ya mtihani tu, tukidhani ni mambo ya Uingereza ya mwaka 1687. Kumbe zimefanya kazi hapa hapa kwetu.

Tuchukue mkokoteni wa maji hapa Mowlem. Wawili wanasukuma, matope yanashika magurudumu. Kinachoamua si nguvu ya wasukumaji peke yake, bali kile kinachobaki ukishatoa nguvu ya matope. Kikibaki sifuri, mkokoteni uliosimama hausogei, hata watu watoke jasho vipi. Roketi ni vivyo hivyo. Kabla ya kuwashwa, uzito wake unavuta chini na jukwaa linaibeba kwa nguvu sawasawa, basi imetulia. Ikiwashwa, msukumo unaushinda uzito, na ile ziada ndiyo inayoipandisha. Mafuta yanavyoungua inakuwa nyepesi, kwa hiyo inazidi kuongeza kasi. Scout ilikuwa na vipande vinne. Kila kimoja kikimaliza mafuta kinaachwa. Na wale wanaosema eti roketi husukuma hewa, huko juu hewa iko wapi? Inasukuma gesi yake yenyewe nyuma, nayo gesi inaisukuma mbele.

Mbona Ngomeni? Kwa sababu iko karibu na ikweta, ambako ardhi huzunguka kuelekea mashariki kwa kama kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayokwenda mashariki inaondoka tayari na kasi hiyo, bure.

Injini zilipozima, Uhuru iliendelea tu, mvutano wa ardhi ukiipinda njia yake iwe duara. Ibn Sina (980–1037) aliwahi kusema kwamba kitu kilichorushwa hupewa msukumo unaobaki ndani yake mpaka umalizwe na vizuizi vya nje. Penye utupu kisingesimama. Lakini tusijisifu kupita kiasi. Yeye alitumia hoja hiyo kuonyesha kwamba utupu haupo! Alikaribia sana, ila sheria yenyewe hakuiandika.

Uhuru ilifanya kazi hadi 1973, na orodha yake ina vyanzo 339 vya eksirei. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Aprili 2023 setilaiti ya Kenya, Taifa-1, ilirushwa kutoka California. Wenye kujua watasema njia yake hupita karibu na ncha za dunia, kwa hiyo ikweta isingeisaidia. Ni kweli. Lakini kwa zile zinazozunguka juu ya ikweta kama Uhuru, kasi ya bure ingalipo Ngomeni, na tangu mwaka 1988 hakuna setilaiti iliyorushwa pale.