Datsun Z yenye moyo wa dizeli

Wasee, hii 240Z mnayoipenda ina siri ambayo mashabiki wengi hawaisemi. Wazee wetu waliiona ikishinda Safari Rally mwaka wa 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, kisha 1973 ikiwa na Shekhar Mehta. Heshima tele. Lakini inua boneti ya baadhi ya Z kali zilizojengwa baadaye na mafundi wa mitaani, utakuta chuma kilichotoka kwa gari la dizeli. Ndio, dizeli.

Injini ya 240Z iliitwa L24, silinda 6 kwa mstari mmoja, cc 2,393. Kule Japani kwenyewe Z ilianza na lita 2 tu, kwa sababu gari likivuka cc 2,000 kodi ilikuwa inauma. Baadaye, mwaka wa 1975, Wamarekani wakauziwa 280Z yenye L28, cc 2,753. Kiwanda kikaridhika. Mafundi hawakuridhika.

Kuongeza cc kuna njia mbili: unapanua tundu la silinda, ama unarefusha safari ya pistoni kupanda na kushuka. Kupanua ni kazi ya mashine. Tundu la L28 ni milimita 86, ukilifikisha 89 unapata karibu cc 200 za ziada. Kurefusha safari ndio mtihani, maana lazima upate krenki nyingine, na kutengeneza krenki mpya si kazi ya pesa ndogo.

Sasa hapa ndipo utamu uko. Nissan walikuwa na injini ya dizeli, LD28, ya ukoo uleule wa L. Ilifungwa kwa magari ya watu wapole kama Laurel, gari la kupeleka mzee kazini. Krenki ya L28 inampa pistoni safari ya milimita 79. Ya LD28 inampa 83, na inaingia kwa bloku ya L28. Milimita 4 tu! Weka krenki hiyo na tundu la 89, piga hesabu: cc 3,098. Ndiyo ile lita 3.1 inayosifiwa na kila mtu. Kama umesoma Wangan Midnight, Devil Z ni ukoo huo.

Lakini si kufunga na kuondoka. Krenki ndefu inamrusha pistoni milimita 2 juu zaidi, kwa hivyo bila pistoni fupi ama rodi fupi, atagonga hedi. Halafu kuna ukuta wa silinda. Ndani ya bloku moja, upande mmoja unaweza kuwa mnene na mwingine mwembamba, kwa sababu chuma hakikumwagwa sawasawa. Fundi mwenye akili hupima unene kwanza, ndio aguse mashine.

Mjomba wangu alipanuliwa injini ya pikapu yake na fundi ambaye hakupima. Ilikuwa na nguvu kweli, wiki tatu hivi. Kisha ikachemka Kinungi ikiwa na magunia ya viazi, ukuta wa silinda ya tatu ukapasuka, maji yakaingia kwa oili. Hiyo bloku bado iko nyuma ya nyumba yao, na kuku hutagia ndani yake.