Sindano na Uzi: Historia Fupi ya Vyama vya Ufumaji katika Nakivale na Mbarara

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa katika Gazeti la Serikali ya Uganda mwaka 1960, yamo miongoni mwa makazi ya wakimbizi yenye umri mkubwa kabisa katika bara la Afrika, na kwa kuwa wengi wamekwisha kuandika juu ya mipaka yake, mgao wake wa ardhi na wingi wa watu wake, ambao katika miaka hii wamepita laki mbili, tumeona ni haki kutenga kurasa chache kwa ajili ya taasisi moja ndogo iliyomo humo na katika mji jirani wa Mbarara, taasisi isiyokuwa na jengo, isiyokuwa na bango, na aghalabu isiyokuwa hata na jina, nayo ni chama cha wanawake wakaao pamoja wakafuma kofia, soksi, shali na mablanketi madogo, ambayo sehemu yake huuzwa na sehemu hutolewa hidaya kwa wasio na kitu.

Msomaji wa pwani huenda akastaajabu kusikia habari za shali chini ya mstari wa ikweta. Lakini Mbarara imesimama juu ya meta 1,400 kutoka usawa wa bahari, na alfajiri ya Juni au Julai, mvua zikiisha kukatika na mbingu ikiwa wazi usiku kucha, baridi hushuka juu ya vilima vya Isingiro, wilaya iliyomo Nakivale, hata mtu akaona pumzi yake. Huko Kisoro, mguuni pa mlima Muhabura, ambako hupokelewa wengi wa wale watokao Kongo kwa njia ya Bunagana kabla ya kupakiwa katika malori kuelekea Nakivale, baridi ni kali zaidi, na mama aliyetoka kwake mbio na kitenge kimoja hana cha kumfunika nacho mtoto.

Jambo la kwanza la kutambua ni kwamba uzi wa kufumia haukuwa kamwe zao la nchi hii. Kondoo wa Ankole, yaani eneo hili la Mbarara, kama kondoo wengi wa nchi zetu, ana singa fupi zisizosokoteka, na sufu iliyopatikana Afrika ya Mashariki ilitoka katika nyanda za juu za Kenya, ambako mlowezi Lord Delamere alijaribu kufuga merino huko Njoro mwanzoni mwa karne ya 20, kwa hasara nyingi. Wanawake wa Ankole walikuwa na maarifa makubwa ya mikono, na mifuniko ya ukindu ya vyombo vya maziwa, yenye ncha kama pia, ni ushahidi tosha. Na wenzao wa Rwanda walisuka vikapu vya agaseke kwa mshono mwembamba ambao fundi wa sindano yeyote angeuonea wivu. Mikono ilikuwapo basi. Uzi ndio uliotoka ng'ambo, na kwa maoni yangu historia yote ya vyama hivi yafahamika vizuri zaidi kwa kuuliza swali moja katika kila zama: uzi umetoka kwa nani?

Katika zama za Waingereza jibu lilikuwa rahisi. Idara ya Maendeleo ya Jamii, iliyopata nguvu baada ya Vita Vikuu vya Pili, ilianzisha vilabu vya wanawake katika wilaya za Uganda, wakafundishwa kupika, kushona, kufuma, usafi wa nyumba na malezi ya watoto wachanga, na katika miaka ya 1950 viongozi wa vilabu walipelekwa kusoma katika chuo cha Nsamizi, Entebbe. Kando ya vilabu palikuwa na Umoja wa Akina Mama wa Kanisa la Kianglikana, ule ulioasisiwa Uingereza na Mary Sumner mwaka 1876, ambao kwa desturi yake huchanganya sala na kazi ya mikono. Madhumuni ya walimu wale hayakuwa yote ya kusifiwa, maana walitaka kumtengeneza mke wa karani mwenye kitambaa safi juu ya kiti na mtoto mwenye soksi miguuni, na mume wake ndiye aliyehesabiwa kuwa mtu wa mambo ya nchi. Hata hivyo mwanamke aliyefundishwa kufuma soksi za mwanawe hapati shida kufuma soksi za mtoto wa jirani aliyefiwa na mamaye, na hapo ndipo hisani ilipoingia bila ya kuandikwa katika mtaala wowote.

Upande wa pili wa mipaka, Wabelgiji nao walikuwa na shule zao. Katika miji ya Kongo na ya Ruanda-Urundi waliweka nyumba za mafunzo ya wanawake walizoziita foyers sociaux, na ile ya Usumbura, mji tuuitao leo Bujumbura, iliyofunguliwa mwaka 1946, ilipata sifa kwa madarasa yake ya kushona, kutia viraka, kupiga pasi na kulea, na kwa wakaguzi wake wa Kibelgiji waliokwenda nyumba kwa nyumba kutazama kama mafunzo yamefuatwa. Ukoloni ule ulikwisha, ila nyumba za namna hiyo hazikwisha pamoja nao. Parokia na misheni za mashariki ya Kongo ziliendelea kuwafundisha wasichana cherehani na sindano miaka mingi baada ya bendera kubadilishwa. Ndiyo maana katika Nakivale ya leo waweza kukuta bibi wa Kivu na bibi wa Ankole, waliolelewa chini ya dola mbili tofauti, wakiishika sindano kwa namna mbili mbalimbali, mmoja akizungusha uzi kwa kidole cha mkono wa kushoto na mwenziwe kwa mkono wa kulia, na kofia zikitoka sawasawa. Mabishano yao juu ya njia iliyo bora, yanayoendeshwa kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho kinachowakutanisha, hayana dalili ya kumalizika karibuni.

Wengi wa wakimbizi wa mwanzo wa Nakivale walikuwa Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda yaliyoanza Novemba 1959. Walifika nchi ambayo uzi ulipatikana kwa urahisi katika maduka ya Wahindi wa Mbarara. Maduka hayo yalifungwa ghafula. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda, na waliopewa maduka yao, ambao watu waliwaita mafuta mingi, waliuza kilichokuwamo ndani na wengi hawakujua kingine kingeagizwa kutoka wapi. Yakafuata magendo, chumvi na sabuni zikawa anasa, na katika hali hiyo nani angeuliza habari za uzi wa kofia? Februari 1979 majeshi ya Tanzania, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, yakaingia Mbarara katika vita vya Kagera, na mji ukabomolewa vibaya. Kisha Oktoba 1982 watu wenye asili ya Rwanda walifukuzwa mashambani mwao katika Ankole, na maelfu wakakimbilia Nakivale na makazi mengine ya wakimbizi ya Oruchinga, wengine wakiwa na mvua tu juu ya vichwa vyao. Baridi iliyowapata watoto mwaka ule ingehitaji shali nyingi kuliko zilizoweza kufumwa na vilabu vyote vya zamani, na uzi haukuwapo.

Mwaka 1994 mambo yalipinduka. Baada ya vita vya Rwanda kwisha, wakimbizi wa 1959 na watoto wao walirejea kwao kwa wingi, na nafasi yao ikachukuliwa na Wanyarwanda wengine waliokimbia upande wa pili wa msiba uleule, wakafuatwa na Wakongo wa vita vya 1996 na 1998, Wasomali, Waethiopia, na baadaye Warundi wa mwaka 2015. Mtu hawezi basi kudai kwamba chama fulani cha Nakivale kimeendelea kwa nasaba moja tangu mwanzo. Kilichoendelea ni kazi yenyewe, ikipokewa na mikono mipya kila mara. Na kwa sadfa iliyo njema, chuo kilekile cha Nsamizi, kilichowafundisha viongozi wa vilabu zamani za Waingereza, kimerudi katika karne hii kikishirikiana na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi katika mafunzo ya kazi na kujitegemea humo Nakivale.

Jibu la swali letu katika zama hizi ni mivumba, kama Waganda waitavyo mitumba. Sweta kuukuu lililovaliwa Ulaya au Marekani hununuliwa kwa bei ndogo siku ya soko, nalo hufumuliwa. Kazi hii ina elimu yake, na mfumaji mzoefu hawezi kununua kabla hajaligeuza sweta nje ndani na kuutazama mshono wa ubavuni: ikiwa vipande vilifumwa kwa umbo lake na kuunganishwa kwa uzi, hulichukua, ikiwa vilikatwa kwa mkasi na kufungwa kwa ovaloki, hulirudisha, kwa kuwa kila mstari utakatikia ukingoni na hatapata ila vijiuzi vya urefu wa dhiraa. Sweta likifumuliwa, uzi huzungushwa juu ya mgongo wa kiti, hufungwa mahali panne usije ukachafuka, huloweshwa katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kisha hutundikwa ukining'inizwa chupa ya maji ili mikunjo inyooke. Sufu halisi hunyooka ikawa kama mpya. Akriliki hubaki na mawimbi yake, na mnunuzi mwenye jicho huyaona. Sindano hazina taabu: spoki mbili za baiskeli, zilizokatwa na kusuguliwa juu ya jiwe mpaka ncha zisikwaruze, zimefuma sweta nyingi kuliko sindano za dukani.

Hii ndiyo sababu tangazo la Rais Museveni la Agosti 2023 huko Mbale, la kuzipiga marufuku nguo za mitumba, lilikuwa jambo zito kwa wafumaji. Viwanda vya nchi vina haki ya kulindwa, sikatai. Lakini anayefumua sweta kuukuu na kulifanya kofia mpya naye ni kiwanda, ijapokuwa hana bomba la moshi.

Fedha za vikundi vya namna hii kwa kawaida huwekwa kwa utaratibu wa kuweka na kukopa ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991 na kuenea Afrika nzima: sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na hesabu kufanywa mbele ya wote. Upande wa hisani kila jamaa ana njia yake. Msomali huiita sadaka na hapendi itajwe, Mlokole huitangaza kanisani, na mimi sioni kwamba mtoto aliyevikwa kofia ana hasara kwa lolote kati ya hayo mawili.

Kofia nyingi za hisani zawafaa watoto wachanga, na hapa sayansi imewapa wafumaji heshima wasiyoitarajia. Joto la mtoto mchanga lapasa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5, na kichwa chake ni takriban sehemu moja ya tano ya ngozi yote, kwa hiyo hupoteza joto kwa haraka hapo kuliko mtu mzima. Mwaka 1978 madaktari wa Bogotá, Kolombia, walianza kuwaweka watoto njiti kifuani pa mama zao, ngozi kwa ngozi, wakiwa na nepi, soksi na kofia tu. Utafiti uliofanywa katika nchi tano, Tanzania ikiwamo, na kutolewa mwaka 2021 ulionyesha kwamba njia hii ya kangaruu ikianza mara tu baada ya kuzaliwa hupunguza vifo kwa robo, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaiagiza hivyo. Mtoto njiti aliyezaliwa Nakivale na kushindikana katika kituo cha afya hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mbarara, ambayo ndiyo hospitali ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilichoanzishwa mjini humo mwaka 1989, na wauguzi wa wodi za watoto njiti kote duniani hutaka mambo yaleyale: kofia iwe imefuliwa, isiwe na kifungo wala utepe, inyumbuke bila ya kubana, na iwe ndogo kuliko mfumaji anavyodhani.

Tangu mwaka 2023, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipoanza kuwagawa wakimbizi wa Uganda kwa madaraja ya uhitaji na posho ya wengi ikapungua, mwanamke mwenye sindano hulazimika kuuza zaidi ya kutoa, na hakuna mwenye haki ya kumlaumu. Sweta za shule na shali hutangulia sokoni. Lakini kofia ya mtoto njiti hula uzi mdogo sana, hata sweta moja la mtu mzima laweza kutoa kofia kumi na zaidi, na vidonge vya mabaki ambavyo havitoshi kufuma kitu cha kuuzwa ndivyo vinavyofaa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo kofia ya hisani aghalabu huwa na rangi tatu au nne, kijani juu ya zambarau juu ya manjano, kwa mpango ambao hakuna mnunuzi angeulipia.