Mama Waasisi wa Koo za Wanubi: Kufuatilia Nasaba ya Upande wa Kike Arua na Koboko

Historia ya Wanubi wa Naili Magharibi imezoeleka kusimuliwa kwa majina ya maofisa: Emin Pasha, Selim Bey, Fadl el-Mula. Makala hii inatoa hoja kwamba waasisi wa koo hizo walikuwa pia wanawake, na kwamba nasaba zao zinaweza kufuatiliwa iwapo swali la mtafiti litabadilika.

Takwimu za wakati huo zenyewe zinaunga mkono hoja hii. Mwaka 1891 Lugard alipowachukua watu wa Selim Bey kutoka Kavalli, karibu na Ziwa Albert, msafara ulikuwa na zaidi ya watu 8,000, ilhali askari wenye silaha walikuwa wapatao 600. Waliosalia walikuwa hasa wanawake, watoto na watumishi. Fadl el-Mula alibaki nyuma na wafuasi wake, akaingia katika utumishi wa Wabelgiji mwaka 1892. Katika pande zote mbili askari waliorodheshwa. Wake zao walihesabiwa tu.

Wanawake hao walitoka miongoni mwa Walugbara, Wakakwa, Wamadi, Waaluri na wengineo. Baadhi walitekwa askari walipovamia vijiji kutafuta nafaka na mifugo. Wengine waliolewa kwa mapatano. Kambini ndiko watoto wao walikokuza Kiarabu cha kijeshi kikawa lugha ya mama, yaani Kinubi cha leo. Lugha hiyo ni ushahidi wa malezi, wala si wa amri za kijeshi pekee.

Ugumu wa kwanza wa ufuatiliaji ni jina. Aliyesilimu alipewa jina la Kiislamu, na jina la kwao likabaki kwao. Kwa hiyo mtafiti hana budi kusikiliza pande mbili: ukoo wa Kinubi unaolijua jina la pili, na wajomba wanaolijua la kwanza. Kwa Walugbara, wakiwamo wa Ajia, mtoto huhesabiwa katika suru ya baba iwapo mahari imelipwa. Binti aliyechukuliwa bila mahari aliacha deni, na deni hukumbukwa kuliko sherehe. Panapokumbukwa dai la namna hiyo, ndipo pa kuanzia.

Masimulizi hayo yapimwe kwa matukio yenye tarehe: vita vya Dufile vya Novemba 1888, safari ya 1891, kuondoka kwa Wabelgiji katika Lado mwaka 1910, na kuingizwa kwa Naili Magharibi katika Uganda mwaka 1914. Bibi anayesemekana kuzaa "wakati wa Wabelgiji" hupata hivyo muda wake.

Suala hili si la kumbukumbu tu. Ibara ya 10 ya Katiba ya Uganda ya 1995 humtambua kuwa raia wa kuzaliwa mtu aliyezaliwa Uganda ambaye mmoja wa wazazi, babu au bibi zake ni wa jamii asilia iliyokuwako nchini tarehe 1 Februari 1926. Wanubi wamo katika orodha ya jamii hizo, sawa na Walugbara na Wakakwa. Sheria haikubagua upande wa mama. Mazoea ya kuuliza jina la baba pekee ndiyo yanayoubagua. Inapendekezwa basi kwamba fomu za usajili na madodoso ya utafiti yaulize jina la bibi mzaa mama na mahali alikotoka. Swali hilo moja humrudisha mwasisi katika ukoo wake, na humwongezea mjukuu ushahidi wa uraia wake.