Hadithi ya Usiku na Daftari la Asubuhi: Kiingereza, Usimulizi na Kazi ya Nyumbani katika Shule za Kati nchini Kenya

Historia ya fasihi ya Kenya iliyoandikwa kwa Kiingereza huanzishwa, aghalabu, katika chuo kikuu. Hutajwa Makerere na mkutano wa waandishi wa mwaka 1962. Hutajwa waraka wa Nairobi wa mwaka 1968. Kisha huorodheshwa riwaya na tamthilia. Ni nadra mhakiki kuteremka hadi darasa la saba au la nane, mahali ambapo mwandishi wa kesho alikabidhiwa kitabu cha hadithi akisome nyumbani na kurudi asubuhi na majibu ya maswali ya ufahamu. Makala haya yananuia kuteremka huko. Hoja yetu ni kwamba kazi ya nyumbani ya somo la Kiingereza haikuwa suala la ufundishaji pekee. Kwanza, ilishindania saa ile ile ya usiku iliyokuwa ya hadithi. Baadaye, mwanafunzi alipoagizwa kwenda kuiuliza hadithi hiyo kwa bibi yake na kuileta darasani kwa Kiingereza, alifanywa kuwa mfasiri wa fasihi simulizi pasi na mtu yeyote kumtambua kuwa hivyo. Kazi yake ilisahihishwa, haikuhakikiwa.

Shule tunazozizungumzia zilijulikana Kenya kama intamidieti, na huko Tanganyika kama shule za kati. Muundo wake unatokana na ripoti ya mwaka 1949 ya kamati iliyoongozwa na Leonard Beecher, kasisi wa Kianglikana, ambayo ilipendekeza miaka minne ya msingi, minne ya kati na minne ya sekondari kwa Waafrika. Kila hatua ilikuwa na mlango mwembamba wa mtihani. Mtoto alichujwa mwishoni mwa darasa la nne, akachujwa tena katika darasa la nane kwa mtihani uliofahamika kwa kifupi kama KAPE. Katika mlango huu wa pili Kiingereza ndicho kilichoshika ufunguo. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind (1986), anamkumbuka mwenzake wa darasa la mwaka 1954 aliyepata alama za juu kabisa katika masomo yote isipokuwa Kiingereza. Alihesabiwa kuwa ameanguka mtihani mzima, akaishia kuwa utingo wa basi. Ngũgĩ mwenyewe, ambaye alama zake nyingine zilikuwa za kawaida lakini Kiingereza chake kilikuwa kizuri, alipata nafasi katika shule ya upili ya Alliance. Tukizingatia hilo, hatuwezi kulichukulia daftari la kazi ya nyumbani ya Kiingereza kuwa jambo dogo. Mzazi aliyekuwa hajui kusoma alijua vyema kwamba humo ndimo ada aliyoilipa ingezaa au kupotea.

Je, kilichosomwa kilikuwa nini? Ngũgĩ anataja vitabu vya kusomea vya Oxford vilivyotungwa mahususi kwa ajili ya Afrika, pamoja na Dickens na Stevenson waliorahisishwa. Urahisishaji huu una historia yake. Michael West, mwalimu wa Kiingereza aliyefanya kazi Dacca, huko Bengal, katika miaka ya 1920, alishikilia kwamba mwanafunzi wa koloni anahitaji zaidi kusoma kuliko kuzungumza, na kwamba asome vitabu vilivyoandikwa upya kwa msamiati uliohesabiwa na kudhibitiwa. Vitabu vya aina hiyo vilienea katika makoloni ya Uingereza. Kwa hiyo Treasure Island iliyomfikia mtoto wa Limuru au wa Butere mara nyingi ilikuwa mifupa ya hadithi: matukio yapo, majina yapo, ila mkunjo wa sentensi za Stevenson umenyooshwa. Hatulisemi hili kwa dharau. Mifupa hiyo iliwatosha wengi kuwasha hamu ya kusoma, na Ngũgĩ anasimulia katika Dreams in a Time of War (2010) jinsi mwalimu wake wa Kiingereza katika intamidieti alivyomwazima vitabu vyake binafsi, kikiwamo hicho cha Stevenson. Ni katika miaka hiyo hiyo, Hali ya Hatari ikiendelea, alipobishana na rafiki yake iwapo mtu anaweza kuandika kitabu bila kibali cha serikali asikamatwe. Watoto wawili wa shule ya kati waliliona tendo la kutunga kuwa jambo linalohitaji leseni! Huo nao ni ushahidi wa kihistoria, tena mzito kuliko kurasa nyingi za ripoti za elimu.

Kitabu hicho kilipofika nyumbani kilikuta saa imeshakaliwa. Katika jamii nyingi za Kenya ilikuwa mwiko kusimulia hadithi mchana. Mchana ni wa jembe na mifugo. Miongoni mwa Wajaluo, watoto walikusanyika usiku katika siwindhe, nyumba ya mwanamke mzee, wakasikiliza sigana. Miongoni mwa Wagĩkũyũ fanani alianza kwa kuiamuru hadhira iseme "ĩtha", nayo ikaitikia, na hapo tu ndipo hadithi ilipokuwa imeanza. Mswahili ana paukwa na pakawa yake. Sasa katika nyumba ile ile yenye moto mmoja, au koroboi moja ambayo mafuta yake yalipimwa, mtoto mmoja anapaswa kujitenga, kunyamaza na kuinama juu ya maandishi. Mwangaza uliowakutanisha wote unamwangazia mmoja. Tena usomaji wa kimya ni tendo lisilokuwa na nafasi katika kikao cha hadithi: asiyeitikia huhesabiwa amelala. Katika shule za bweni mgogoro huu haukuwapo kwa sababu upande mmoja ulikuwa umekwisha ondolewa. Watoto walikaa mbele ya madaftari yao chini ya karabai, na siwindhe ilikuwa mbali.

Hapa inafaa tujihadhari na tabia ya kuipamba jikoni ya zamani. Kikao cha moto hakikumtendea kila mtoto haki sawa. Msichana aliyetoka shule alitafuta kuni, akateka maji, akapika, akaosha vyombo, na ndipo alipofungua daftari, wakati kaka yake amekwisha maliza na mafuta nayo yakiwa karibu kwisha. Swali la nani alipata muda wa kufanya kazi ya nyumbani linasaidia kueleza uchache wa wanawake katika orodha zetu za waandishi wa mwanzo, pengine kuliko nadharia nyingi tunazoziazima. Grace Ogot, aliyezaliwa mwaka 1930, alikuwa mmoja wa wachache waliopenya.

Kuna jambo jingine katika maelezo ya Ngũgĩ ambalo wahakiki hulipita haraka. Anasema kwamba hadithi walizozisikia usiku wakiwa watoto, kesho yake waliwasimulia wenzao waliokuwa wakichuma pareto, chai au buni katika mashamba ya mabwana. Anasema pia kwamba walimtambua msimulizi mzuri na mbaya: mzuri aliweza kuirudia hadithi ile ile nao wakaiona mpya. Kwa maneno mengine, kulikuwa na kazi ya nyumbani kabla ya kazi ya nyumbani. Mtoto alipewa matini usiku, akaitoa asubuhi mbele ya hadhira, akapimwa. Wapimaji walikuwa watoto wenzake, na kigezo chao kilikuwa cha kisanaa: sauti, mgeuko wa maneno, uwezo wa kuwafanya wangoje. Darasa la Kiingereza lilileta mpimaji mmoja na kigezo kingine. Aidha lilileta adhabu. Aliyenaswa akisema lugha ya mama katika mazingira ya shule alichapwa viboko au alivishwa kibao cha aibu shingoni, na watoto wenyewe wakafanywa kuwa wapelelezi wa wenzao. Kinywa kilichosifiwa shambani asubuhi kingeweza kuadhibiwa shuleni kwa maneno yale yale.

Baada ya uhuru, Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilipendekeza Kiingereza kitumiwe kufundishia tangu darasa la kwanza, ikiendeleza mkondo ulioanzishwa mwaka 1957 katika shule za Nairobi. Intamidieti ikamezwa na shule ya msingi ya miaka saba. Mabadiliko ya upande wa hadithi yalitoka kwingine. Mnamo Oktoba 1968 Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa waraka wao wa kutaka Idara ya Kiingereza ya Nairobi ifutwe na fasihi ya Afrika, simulizi na andishi, iwekwe katikati ya masomo. Mwaka 1974 ulifanyika mkutano wa walimu wa fasihi katika Nairobi School kujadili ufundishaji wa fasihi ya Afrika shuleni. Vikafuata vitabu: Kikuyu Folktales cha Rose Mwangi (1970), Keep My Words cha Onyango-Ogutu na Roscoe (1974), Oral Literature of the Maasai cha Naomi Kipury (1983), Yesterday's Today cha Asenath Bole Odaga (1984). Fasihi simulizi iliingia katika mtaala wa sekondari mwanzoni mwa miaka ya 1980, na agizo la "kamuulize bibi" likateremka hadi madarasa ya juu ya msingi. Daftari lililokuwa limeinyang'anya hadithi saa yake sasa lilitumwa kwenda kuitafuta.

Hebu tuitazame kazi hiyo kwa jicho la uhakiki. Bibi anasimulia kwa Kijaluo au Kigĩkũyũ. Mjukuu anasikiliza akijua kwamba kesho itasomwa kwa Kiingereza. Kiitikio cha mwanzo hakiandikiki, kwa sababu insha haina mtu wa kuitikia. Tanakali za sauti zinaachwa, kwa kuwa kamusi ya shule haina sauti ya chungu kinapovunjika au ya zimwi linapotafuna. Zimwi lenyewe ni tatizo. Irimũ wa Mgĩkũyũ na apul-apul wa Mjaluo wana tabia zao, lakini Kiingereza cha darasa la saba kilikuwa na neno moja tu la kuwavisha wote. Urudiaji, ambao kwa fanani ni nguzo ya hadithi, kwa mwalimu ni kosa la mtindo. Wimbo ndio mgumu kupita vyote. Katika hadithi nyingi wimbo ndipo mahali hadithi inapogeuka: ndege anafichua siri, msichana aliyefichwa anatambuliwa na ndugu yake. Mwanafunzi ana njia tatu: autafsiri na kuua mdundo, auruke na kukata mshipa wa hadithi, au auandike kwa lugha ya mama na kungoja kalamu nyekundu. Haya ndiyo matatizo ambayo Mwangi na Kipury walikabiliana nayo wakiwa watu wazima wenye wahariri na dibaji. Mtoto aliyatatua peke yake, kabla ya taa kuzimika.

Tukitaka kuona suluhisho lililofaulu, tuisome "The Rain Came" ya Ogot, iliyochapishwa katika Land Without Thunder (1968) na kusomwa na vizazi vya wanafunzi wetu. Oganda, binti wa chifu, anapelekwa kutolewa kafara kwa dubwana la ziwani ili mvua inyeshe. Ogot hakuzikata nyimbo za njiani. Alizifanya kuwa hatua za safari yenyewe, na msomaji anahesabu umbali kwa nyimbo. Alichokifanya ni kile kile ambacho agizo la kazi ya nyumbani lilimtaka mwanafunzi afanye, ila yeye hakusahihishwa na mtu anayehesabu koma.

Mtihani haukuusaidia upande huu. Ule wa CPE, uliomalizika mwaka 1984, ulikuwa wa kuchagua majibu. Mtoto angeweza kufuzu bila kutunga sentensi hata moja. KCPE ya kwanza, mwaka 1985, ilirudisha insha, na hilo lilikuwa jema. Lakini palizuka vitabu vya mifano na mafungu ya maneno ya kukariri: mawio ya jua, ndege wanaoimba, moyo unaodunda. Walimu wengi na wahakiki wengi wameyacheka mafungu haya. Sisi tunadhani yamechekwa mno. Fungu la mawio ya jua mwanzoni mwa insha lilikuwa linafanya kazi ya "paukwa": kumtangazia mpokeaji kwamba hadithi imeanza, na kumpa msimulizi pumzi ya kukumbuka inakoelekea. Watoto walionyimwa fomula zao walijitengenezea nyingine kwa malighafi waliyoruhusiwa. Udhaifu haukuwa katika ukariri. Fanani naye hukariri. Ulikuwa katika kwamba aliyeitikiwa zamani sasa alimwandikia mtu asiyeonekana.

KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mwanzoni mwa mwaka huo huo, chini ya mtaala wa umilisi, gredi ya saba ilianza kama daraja jipya la kati, ndani ya majengo ya shule za msingi: intamidieti imerudi bila kutajwa jina. Mtaala huu humtaka mzazi ashiriki katika kazi za mtoto, na wazazi wamelalamika, kwa haki, juu ya gharama na muda. Agizo la kutafuta hadithi kwa mzee wa jamii limo, na pengine ndilo lisilogharimu karatasi ya rangi wala gundi. Hata hivyo bibi sasa huenda yuko kijijini na mtoto yuko Kayole, na hadithi inaombwa kwa simu ya mama, mchana, kabla ya salio kwisha. Mwanafunzi anaandika anachokisikia. Wimbo ukikatika kwa sababu ya mtandao anaomba urudiwe, naye bibi, aliyezoea kuitikiwa, anauliza kama bado yupo.

Utafiti wa historia hii utahitaji madaftari yenyewe, nayo hayakuhifadhiwa. Ripoti za Beecher na Ominde zimo maktabani. Daftari la Kiingereza la darasa la saba, likishajaa, hurudi nyumbani, huchanwa, na kurasa zake hufungiwa njugu sokoni. Mhakiki atakayeianza kazi hii itambidi aanze kwa kuyaomba yale machache yaliyosalia, katika masanduku ya wazazi na ya walimu waliostaafu, kabla hayajafika huko.