Mguu Mmoja Ulivyozipa Sanamu Uhai

Anayejifunza kuchora watu hulijua tatizo hili: uso umefanana, vidole vimetimia, lakini mtu mwenyewe amesimama kama gogo. Wachongaji wa Ugiriki ya kale walihangaika nalo kwa zaidi ya miaka 100.

Kuanzia karibu mwaka 600 KK, wakiwa wameiga mengi kutoka Misri, walichonga sanamu za vijana wa kiume kwa mkao uleule. Mojawapo, ya kati ya mwaka 590 na 580 KK, iko Metropolitan Museum of Art mjini New York. Mguu wa kushoto umetangulia, mikono imenyooka ubavuni, ngumi zimefumbwa. Tazama nyonga: ziko sawasawa. Mabega nayo ni hivyohivyo. Kijana amepiga hatua, lakini mwili wake hauna habari na hatua hiyo.

Mageuzi yanaonekana karibu mwaka 480 KK, katika sanamu ya marumaru iliyofukuliwa Akropoli, Athens, na kupewa jina la Kijana wa Kritios, kutokana na mchongaji Kritios. Ni ndogo kuliko mtu halisi na mikono yake imekatika, ila ina uhai. Uzito umeelemea mguu wa kushoto. Wa kulia umelegea, goti limekunjwa kidogo. Ndiyo maana nyonga ya kushoto imepanda na ya kulia imeshuka. Kichwa nacho kimegeuka kidogo upande wa kulia.

Polykleitos wa Argos aliyafikisha mageuzi hayo kwenye ukamilifu, karibu mwaka 440 KK, kwa sanamu yake ya shaba, Mbeba Mkuki. Mguu wa kulia umebeba mwili, hivyo nyonga ya kulia iko juu. Bega la upande huohuo limeshuka. Sanamu hiyo imepotea, pamoja na kitabu cha Polykleitos cha vipimo vya mwili. Tunaifahamu kupitia nakala za Warumi, ikiwemo iliyopatikana Pompeii na kuhifadhiwa Naples. Baadaye sana, mchongaji Michelangelo aliutumia mkao huohuo alipomchonga Daudi mjini Florence, kati ya mwaka 1501 na 1504.

Misuli peke yake haiondoi ukakamavu. Unaoondoa ni uzito uliopata mahali pa kukaa. Basi wewe unayeshika penseli, usikimbilie uso. Jiulize kwanza ni mguu upi uliobeba mwili, kisha chora mstari wa nyonga na wa mabega, kila mmoja ukiinamia upande wake. Mengine yatafuata.